Masaa Kumi na Sita ya Florent

Kijiwe chenyewe kilikuwa ubao mmoja uliolazwa juu ya mawe mawili ya volkano, nje ya kibanda cha Mama Valérie, pale Mabanga ambapo barabara huwa vumbi jeusi kwenye jua na tope jeusi kwenye mvua. Mama Valérie aliuza kawa kali ya tangawizi kutoka birika moja kubwa, na ubao ule ulikuwa na wenyewe. Wa kwanza alikuwa Buhendwa, mwalimu wa shule ya msingi ambaye mshahara wake ulikuwa njiani tangu muhula uliopita. Huyo walimwita Profeseri. Wa pili alikuwa Twagirayezu, waliyemwita Kamanda kwa sababu zamani, katika uasi mmoja kati ya maasi mengi yaliyopita, aliwapikia wapiganaji maharagi miezi minne na hakuwahi kushika bunduki. Wa tatu alikuwa Florent Havugimana, mwenye duka la misumari na mabati, mtu mnene wa miaka arobaini na minane, ambaye jina lake jipya lilikuwa na siku kumi na tisa tu. Walimwita Seize-Huit. Masaa kumi na sita hali kitu, masaa nane anakula. Infirmier wa zahanati alimpima presha, akamwambia apunguze kilo ishirini kama anataka kuona watoto wake wakioa. Mpwa wake aliyeko Ubelgiji akamtumia kwenye simu namna ya kufanya. Asubuhi hiyo, mwaka wa pili tangu kambi za wakimbizi zijae juu ya mji, mizinga ilikuwa ikisikika kwa mbali upande wa kaskazini, na watu walikuwa wameacha kugeuza vichwa.

— Seize-Huit, bado masaa ngapi? aliuliza Kamanda.

Florent alitoa simu. Ndani yake kulikuwa na duara la kijani lililokuwa likijaa polepole.

— Bado tatu kasoro. Ninafungua midi, saa sita kamili.

— Na tumbo linasema nini?

— Linaita jina langu.

— Usiitike, alisema Profeseri. Tumbo ni mwanafunzi. Ukimuzoesha kengele ya saa moja, saa moja atakuwa mulangoni. Ukibadilisha kengele, juma la kwanza analia, juma la pili anazoea. Mimi serikali ilinibadilishia kengele zamani, na muniangalie, ninafundisha.

— Unafundisha umeegemea ukuta, alisema Mama Valérie.

— Ukuta ni chombo cha kazi, mama.

Florent alikunywa kawa yake isiyo na sukari. Alikuwa ameanza kuipenda, au alikuwa ameanza kusema anaipenda.

— Njaa si shida, alisema. Njaa nimeisha kuijua. Inakuja kama mvua ya hapa Goma. Inapiga kwa nguvu dakika ishirini, unasema leo ninakufa, kiisha inapita. Ukikunywa maji, ukienda kupanga misumari, inapita. Shida ni midi.

— Midi imefanya nini?

— Midi ninakuwa mutu mwingine. Jana nimefungua na fufu mabonge mawili, maharagi, sombe ya mawese, avoka moja, na ndizi nne. Kiisha nikahesabu kalori mu simu. Saa saba ilikuwa haijafika, na nilikuwa nimeisha kula ya siku nzima. Na ile ya magaribi ilikuwa inaningojea bado.

— Sasa unafunga juu ya nini? aliuliza Mama Valérie. Kama midi unakula ya jana, ya leo, na ya kesho unaionja?

— Siku kumi na tisa, nimepoteza kilo moja.

— Haba na haba hujaza kibaba, alisema Kamanda. Ndio maana mimi ninakula yote kwa mara moja. Haba haipate nafasi ya kuingia.

— Methali hiyo haiko ya hapo.

— Iko ya hapo kabisa. Kibaba ni nini? Ni tumbo.

Profeseri alisafisha koo. Alikuwa na desturi ya kusafisha koo kabla ya kusema jambo asilolijua vizuri.

— Munasahau fizike. Kalori ni nini? Kalori ni joto. Imeandikwa mu vitabu. Kalori moja ni joto ya kupasha gramu moja ya maji. Alors, chakula baridi kiko na kalori wapi? Florent, acha fufu ya leo. Kula ya jana, yenye imelala. Joto imeisha kutoka usiku.

— Profeseri, watoto wetu wako kwako, alisema Mama Valérie. Mungu awasaidie.

— Munadanganyana bure, alisema Kamanda. Munasema jeûne hii, kufunga kwa masaa, ilitoka Ulaya. Haikutoka Ulaya. Yenye alianzisha ni ule.

Akanyoosha kidole kuelekea kaskazini, kwenye mawingu. Nyuma ya mawingu kulikuwa na mlima wa volkano.

— Nyiragongo?

— Nyiragongo! Ulikula mwaka 2002, ukashiba. Kiisha ukafunga. Miaka kumi na tisa! Watu wakasema mulima umetulia, mulima umeokoka. Halafu 2021, mwezi wa tano, saa yake ya kula ikafika, ukakula Buhene na nyumba ya shemeji yangu na choo yake. Unafunga vizuri, unafungua vibaya. Ni ugonjwa moja na wa Seize-Huit.

Wakacheka wote, hata mpita njia aliyebeba bidon ya maji akacheka bila kujua ni nini. Florent alicheka pamoja nao, lakini kicheko chake kilikatika kabla ya cha wengine.

Mwezi ule wa tano alikuwa akiukumbuka kwa namna yake. Mji ulipoamriwa kukimbia, wengi walielekea Sake. Yeye alikwenda upande mwingine, kaskazini, na mke wake Perpétue, na watoto, na wakwe wawili, jumla watu tisa, wakapita juu ya lava mpya iliyokuwa bado na joto chini ya viatu, mpaka Rugari, kwa dada yake mkubwa Béata. Béata alifungua mlango kabla hawajabisha. Aliwalisha majuma matatu kutoka shamba moja. Kila magharibi aliweka sahani mbele yao, akasimama mlangoni, akasema yeye ameishakula jikoni. Siku moja Florent aliingia jikoni kutafuta moto wa taa, akamkuta akikwangua ukoko wa sufuria kwa kucha. Béata alicheka, akasema ukoko ndio wenye utamu. Florent naye alicheka, akarudi kukaa mbele ya sahani yake. Moto wa taa aliusahau. Tangu hapo alikuwa ameikumbuka mara nyingi ile hatua ya kurudi, jinsi miguu ilivyomrudisha kirahisi.

— Mwaramutse, ba papa.

Sauti ilitoka kando ya ubao. Mwanamke alikuwa amesimama pale, kitenge kimepauka, vumbi limempanda mpaka magotini, mkononi hana kitu. Alikuwa amekonda kiasi kwamba kwa dakika moja Florent alidhani ni mama yao aliyekufa zamani. Halafu akamtambua.

— Mwaramutse, mama, waliitika.

— Seize-Huit, anakuangalia wewe, alisema Kamanda. Unamujua?

Florent alikuwa na nafasi ya kusema neno moja tu, na lilikuwa neno fupi. Alimwona Profeseri akimtazama, na Mama Valérie, na mteja mmoja aliyekuja kunywa kawa, ambaye jana alinunua kwake mabati kumi na mawili. Aliona vumbi la miguu ile. Akaogopa ataombwa chakula mbele ya watu, yeye aliyekuwa akihesabu namna ya kukipunguza.

— Ni mama moja wa kwetu, alisema. Wa Rugari.

Béata alimwangalia. Hakukasirika. Aliinamisha macho tu, kama mtu anayempisha mwenzake kwenye njia nyembamba.

— Ndiyo, alisema. Tuko wa Rugari.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone! alisema Profeseri, akisogea. Kaa, mama. Valérie, tia kawa. Weka na mandazi.

— Aksanti, baba. Mandazi hapana. Nimekula.

Alikaa kwenye ncha ya ubao, akashika kikombe kwa mikono miwili bila kukinywa, akilisikia joto lake. Profeseri, ambaye hakuna kilichompendeza kama msikilizaji mpya, akamgeukia.

— Hapa tuko mu masomo, mama. Rafiki yetu huyu anafanya jeûne. Si ya kanisa, hapana, ya afya. Masaa kumi na sita bila kutia kitu mu kinywa. Wazungu wameisoma, na vipimo. Anahesabu njaa mu simu.

— Masaa kumi na sita?

— Kumi na sita! Na ni kwa kupenda yake mwenyewe. Iko nguvu, mama.

— Iko, alisema Béata.

Akafikiri kidogo. Alionekana kuona kwamba kuna mtu anahitaji msaada, na msaada huo yeye anao.

— Ya kwanza ni kichwa, alisema. Inauma hapa mbele, saa tatu, saa ine. Kiisha mikono inapoa. Ukiona mikono imepoa, usikae, juu ukikaa utaisikia. Tembea, fagia, tafuta kazi. Maji yakuwe ya moto, na munyu kidogo, baridi inaamusha tumbo. Usiku lala juu ya tumbo, ikandamize. Na njia ya mwenye kukaanga mandazi usipite. Njaa yenyewe mutu anaivumilia. Harufu ndio inashinda.

Profeseri alitoa kalamu mfukoni.

— Mama, na wewe unafunga! Kumbe! Unafanya ngapi? Seize-huit? Iko na wenye wanafanya vingt, masaa ishirini.

— Inategemea.

— Inategemea nini?

— Camion.

— Camion gani?

— Ile lori ya musaada. Kule kambini, Kanyaruchinya. Ikikuja, tunafungua. Isipokuja, tunaendelea.

Kamanda alivua kofia yake, akaiweka juu ya goti. Kalamu ya Profeseri ilibaki hewani. Angeweza kunyamaza hapo, lakini aibu ilimsukuma mbele, maana kuna watu ambao aibu huwaongezea maneno.

— Bon... na... wakati wa kufungua, mama? Juu rafiki yetu shida yake ni hapo. Anafungua na vitu mingi.

— Asifanye hivyo. Njaa ndefu haitaki bugali. Anza na uji, mwepesi, kikombe kimoja. Ngoja. Kiisha maharagi kidogo. Mutoto wa jirani yangu camion ilipofika alikula bugali peke yake, mingi, akalia siku mbili. Tumbo linakuwa limesahau. Unalikumbusha polepole.

Alisema hayo akimtazama Florent, kwa upole wa mtu anayemwelekeza njia mgeni. Halafu akaweka kikombe chini.

— Na mimi niulize kitu, papa.

Papa. Alimwita kama anavyoitwa mwanamume yeyote usiyemjua sokoni. Florent alikuwa amebebwa mgongoni na mwanamke huyu tangu hajaota meno.

— Uliza, mama, alijibu Profeseri kwa niaba yake.

— Hiyo simu. Masaa kumi na sita yakiisha, na saa ya kula imefika, na ndani ya nyumba hakuna kitu. Inasema mutu afanye nini?

Aliuliza kweli. Hakukuwa na kejeli ndani yake hata punje. Alikuwa amesikia kwamba watu wenye vipimo wameisoma njaa mpaka mwisho, akadhani labda huko mwisho walikuta kitu.

Florent aliwasha simu, na duara la kijani lilikuwa pale, limebakiza masaa mawili na dakika kumi na moja, na kando yake picha ya sahani iliyojaa. Akaizima. Mama Valérie alinyanyua birika, akalitikisa, akaliinamisha juu ya kikombe; likatoa vijiti vya tangawizi na machicha.

— Kawa imeisha, alisema, ingawa hakuna aliyeomba.

Béata alisimama.

— Haina neno. Nilikuwa ninauliza tu.

— Mama, alisema Kamanda taratibu, wewe ulikuwa unatafuta nani hapa?

— Nilikuja kuaga mutu. Lakini nimekuta eko na watu. Nitapita siku ingine.

Hapo ndipo neno lile fupi lilimtoka Florent.

— Ni yaya yangu, alisema.

Akalisema tena, kwa sauti zaidi, kama mtu anayepigilia msumari uliopinda.

— Ni yaya yangu. Dada mukubwa, tumbo moja. Mulima ulipotoka, ni huyu alitulisha. Watu tisa, majuma matatu. Na vita ilipomufukuza Rugari nilimuacha akalale mu tenti.

— Florent, alisema Béata, haina neno.

— Iko na neno.

— Wacha watu wakunywe kawa.

— Kawa imeisha, mama, alisema Kamanda.

Béata akasimama pale, akiwa hajui aweke wapi mikono. Alikuwa amekusudia kusema shauri lake pembeni, ndugu na ndugu, na sasa ilibidi aliseme mbele ya ubao mzima.

— Sikuja kuomba chakula, alisema. Kesho ninapanda Rugari. Tuko wanawake watano. Maharagi imekauka mu shamba na hakuna mwenye kuvuna. Wajukuu siwezi kwenda nao, njia si ya watoto. Nimekuja kukuomba ukae na Vanessa na Moïse. Majuma matatu tu. Ninavuna, ninakausha, ninarudi.

— Yaya, usiende. Unasikia ile? aliuliza Florent, maana mizinga ilikuwa imeguruma tena. Kuja kwangu. Leo. Wewe na watoto, wote.

— Unasema vizuri. Aksanti.

— Si aksanti. Kuja.

— Florent, nisikilize. Nikikuja kwako, nitakaa nikiangalia mikono yako. Mwaka na nusu nimeangalia camion. Ninataka kula kitu yenye mimi nilipanda. Hata mara moja.

— Penye nia pana... alianza Profeseri.

— Nyamaza, mwalimu, alisema Kamanda.

Walipanda pamoja kwa miguu kuelekea kambini, kuwachukua watoto. Florent alitaka kusimamisha pikipiki ya abiria, lakini Béata alisema humpa kizunguzungu tumbo likiwa jepesi, na ndivyo ndugu yake alivyojua kwamba lile neno la mandazi halikuwa kweli, ingawa alikuwa amelijua tangu aliposikia likitamkwa. Walitembea polepole. Kila mwendo wa nyumba ishirini Béata alisimama, akijidai anatazama kitu. Midi ilipofika, simu ya Florent ilipiga kengele mfukoni, muziki mdogo wa furaha wa kumwambia ale. Aliizima. Walikuwa wakipita pale ambapo lava ya 2021 iliikata barabara, mawe meusi pande zote mbili, na vibanda vya mbao vimekwisha kujengwa juu yake.

— Yaya, alisema, siku ile ulipofika kambini, nilikuambia Perpétue amekataa.

— Ndiyo.

— Perpétue hakukataa. Sikumuuliza. Chumba cha uani nilikuwa nimepangisha mutu wa ONG, shirika la musaada. Nilisema ni mwezi moja tu, vita itaisha. Kiisha mwezi ukakuwa miwili. Kiisha nikaona haya kukuja. Nikiona haya, sikuji. Nisipokuja, haya inaongezeka.

Béata aliendelea kutembea.

— Nilijua, alisema.

— Ulijuaje?

— Perpétue alikuwa anakuja. Mara moja kwa mwezi, hivi, akitoka sokoni. Unga, sabuni, siku moja samaki wadogo, sambaza. Alilia siku ya kwanza, akisema Florent ananiambia wewe ndio hukutaka kukuja, unapenda kukaa na majirani wako.

Florent alisimama. Alikuwa ameisahau hiyo. Uongo ulikuwa wa namna mbili, mmoja kwa kila mwanamke, na wanawake wote wawili walikuwa wameufunua siku moja, juu ya unga, mwaka na nusu uliopita, na hakuna aliyemwambia.

— Juu ya nini hamukusema?

— Tulisema tukungoje, alisema Béata. Tulisema ataona mwenyewe.

Kambini, mbele ya hema la turubai, watoto walikuwa wamekaa wamenyooka, wamenawa nyuso. Vanessa alikuwa na miaka tisa, Moïse sita. Mama yao alikuwa amevuka mpaka kwenda Uganda kutafuta kazi na habari zake zilikuwa chache. Mfuko wao ulikuwa umekwisha kufungwa kwa kamba tangu alfajiri. Béata alikuwa na hakika ndugu yake angekubali. Florent alijaribu kuelewa hakika hiyo aliipata wapi, akashindwa. Alitoa noti zote zilizokuwa mfukoni, Béata akachukua moja ya kununua chumvi ya njiani, nyingine akazirudisha kwenye kiganja chake, akakifunga kwa vidole vyake vilivyokuwa baridi.

— Wape uji asubuhi, alisema. Bugali polepole.

Hakuwasindikiza. Alisimama kwenye mlango wa hema mpaka walipopinda, na Florent alipogeuka aliona ameinama, tayari anatafuta jembe.

Wanawake watano waliondoka kesho yake. Siku ya tatu vita vikashuka mpaka barabarani, njia ikafungwa, na waliokuwa juu wakabaki juu. Majuma matatu yakapita, yakawa matano. Florent alipiga simu ya Béata kila siku asubuhi, na kila siku mwanamke wa kampuni alimwambia kwa Kifaransa kizuri kwamba nambari hiyo haipatikani. Mpangaji wa uani alipewa notisi; watoto wakalala humo, na Perpétue aliwashonea pazia. Hakumsema mumewe kitu. Alimpakulia, akakaa, akala pamoja naye, na Florent angependelea agombane. Lile duara la kijani alilifuta. Kilo zilishuka zenyewe, tisa, na infirmier alipompima alifurahi, akamuuliza alitumia mbinu gani ili awaambie na wengine. Florent alivaa shati lake, akamwambia awasalimie nyumbani.

Kijiweni hawakumwita tena Seize-Huit. Hakuna aliyeamua hivyo. Jina lilikufa tu. Walimwita Florent, na walipoanza kubishana, walibishana juu ya mpira, au juu ya gesi ya ziwa, na Profeseri alikuwa na nadharia juu ya vyote viwili.

Siku ya arobaini na moja alipiga simu kama kawaida, akiwa amekaa kati yao, akaiweka sikioni. Halafu akainuka ghafla, mpaka ubao ukacheza na kawa ya Kamanda ikamwagika.

— Inaita, alisema.

Iliita mara sita. Waliisikia wote, mlio mwembamba ukitoka penye sikio lake, ukikatika, ukirudi. Mara ya saba haikuja.

— Hakushika?

— Hakuna mwenye alishika.

— Lakini imeita, alisema Kamanda. Simu yenye haina courant haiite. Kuko mutu ameitia ku chaji.

— Kweli, alisema Mama Valérie. Kuko mutu.

Florent aliitazama simu kwenye kiganja.

— Nani? alisema.

Akapiga tena. Ilikuwa imezimwa.